"Wangekuwa wazuri tungewajua": dhana potofu kuhusu wanawake na sanaa

Kila tunapofungua maonesho ya kazi za wanawake hapa Bagamoyo, kabla mgeni hajamaliza ukuta wa kwanza hunisogelea na neno lile lile: "Lakini mama, kama kweli wanawake walikuwa wachoraji wakubwa, mbona hatuwajui?" Huliuliza mwanafunzi wa sanaa, akaliuliza mwalimu wake, akaliuliza na mzee aliyemsindikiza mjukuu. Wote husema kama watu ambao jibu wanalo tayari. Nimechoka kulijibu nikiwa nimesimama mlangoni, kwa hiyo nalijibu hapa.

Dhana yenyewe ni kwamba kazi nzuri hujitangaza, na asiyejulikana hakuwa na cha kujulikania. Si kweli. Jina la msanii hudumu kwa sababu kuna aliyeliandika, kuna aliyelitunza, na hakutokea wa kulifuta. Mtazameni Judith Leyster, mchoraji wa Haarlem, Uholanzi, aliyezaliwa mwaka 1609 na kupokelewa katika chama cha wachoraji wa mji wake mwaka 1633. Alipofariki, kazi zake zikaanza kuhesabiwa za wengine. Hata orodha ya mali ya mumewe, naye mchoraji, ilimwita tu mke wa marehemu. Picha yake moja ya watu wawili wakiburudika iliuzwa kwa bei kubwa kama kazi ya Frans Hals, mchoraji mwanamume maarufu wa mji huo huo, na wataalamu wakaisifu. Mwaka 1893 mtafiti Cornelis Hofstede de Groot akaonyesha kwamba alama iliyo kwenye picha ile ni ya Leyster: herufi J na L pamoja na nyota. Wafanyabiashara wakafikishana mahakamani kwa sababu ya bei. Rangi ni ile ile, nyuso ni zile zile, mkono ni ule ule uliosifiwa jana yake. Kilichobadilika ni jina peke yake, na thamani ikashuka. Nionyesheni ubora umeingia wapi katika hesabu hiyo! Leo picha hiyo iko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris.

Wengine hawakufikia hata hatua ya kuibiwa jina, maana mlango wa chuo ulifungwa mapema. Chuo kikuu cha sanaa cha Paris, École des Beaux-Arts, kilianza kupokea wanawake mwaka 1897. Royal Academy, chuo na chama cha wasanii cha London, ilikuwa na wanawake wawili miongoni mwa waanzilishi wake mwaka 1768, kisha hakuchaguliwa mwanamke mwingine kuwa mwanachama kamili hadi Laura Knight mwaka 1936. Ukimnyima mtu darasa, halafu ukamuuliza vyeti viko wapi, hujauliza swali la haki.

Msidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, kabla hajawa mwimbaji alikuwa akitembeza vyungu vya mama yake mitaani, akinadi kwa sauti iliyowafanya watu watoke majumbani. Sauti hiyo tunayo kwa sababu iliingizwa kwenye santuri Bombay mwaka 1928, na maisha yake tunayo kwa sababu Shaaban Robert, mtoto wa Tanga, alikaa chini akaandika wasifu wake. Je, vyungu? Mama yule alichimba udongo, akaufinyanga, akauchoma, akailisha nyumba yake kwa moto huo. Hakuna aliyeandika kitu chini ya chungu, wala hakuna aliyekiweka kabatini. Binti ana santuri na kitabu, mama hana hata kigae. Nani atathubutu kuniambia tofauti yao ni kipaji?

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameshaukariri: andika jina nyuma ya kazi. Jina kamili, mwaka, mji. Piga picha mbele na nyuma kabla haijauzwa. Na mnunuzi naye aulize. Watu wananunua mikeka sokoni, wanajua bei, wanajua rangi waitakayo, na hawamjui aliyesuka.

Hapo ndipo huja dhana ya pili, kwamba mkeka ni kazi ya mikono na sanaa ni kitu kingine. Anayesema hivyo hajawahi kusuka. Chane za ukindu hukaushwa, huchemshwa na rangi, hupangwa kwa hesabu, na ukikosea chane moja pambo linapinda mpaka mwisho wa ukili, yaani ule utepe uliosukwa. Halafu ukili hushonwa pembeni kwa pembeni na mapambo lazima yakutane. Rosemary Karuga wa Kenya, mwanamke wa kwanza kusoma sanaa Makerere, miaka ya 1950 hadi 1952, baadaye alitengeneza picha kwa kukata na kubandika karatasi za sabuni na mifuko ya unga, kwa kuwa ndizo alizokuwa nazo. Malighafi ya jikoni haiondoi sanaa.

"Tanzania hatuna mchoraji mwanamke wa kimataifa." Tunaye. Everlyn Nicodemus alizaliwa Marangu mwaka 1954, na picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982 iko National Portrait Gallery, makumbusho ya picha za watu, London. Someni habari zake.

"Kuwatengea wanawake jumba lao ni ubaguzi." Watu husema hivyo wakisikia habari za makumbusho ya wanawake wasanii yaliyoko Washington, Marekani. Wilhelmina Holladay na mumewe Wallace waliona picha za Clara Peeters, mchoraji mwanamke wa zamani, huko Ulaya, wakarudi nyumbani kumtafuta katika kitabu kikuu cha historia ya sanaa cha wakati ule, hawakumkuta. Hawakumkuta mwanamke yeyote. Wakakusanya kazi, wakaanzisha makumbusho mwaka 1981, mwaka ule ule kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa hapa kwetu, na milango ikafunguliwa kwa umma mwaka 1987. Wanaume huingia, hutazama, hutoka, kama ilivyo kwetu. Wanawake ndio waliokuwa wamebaguliwa kwanza, na jumba hilo ni jitihada ya kurudisha kilichoondolewa.

La mwisho linahusu filamu. Tukitangaza kuonyesha filamu za wanawake, nusu ya vijana hudhani ni semina: watapewa soda, watahubiriwa, watasaini karatasi. Filamu ni filamu. Alice Guy alikuwa akiongoza filamu Ufaransa tangu mwaka 1896, sinema yenyewe ikiwa changa kabisa. Safi Faye wa Senegali alitoa filamu yake ndefu kuhusu kijiji chao mwaka 1975. Kwetu, Flora M'mbugu-Schelling mwaka 1992 aliwarekodi katika filamu wanawake wa Msumbiji waliokimbia vita wakiponda kokoto Kunduchi. Maneno ni machache sana, kinachosikika zaidi ni nyundo na mawe, na anawaacha wafanye kazi mbele yako mpaka uelewe uzito wa kazi ile kwa mwili wako.

Ndiyo maana tunapoonyesha filamu, taa huzimwa kwanza na mjadala huja baadaye. Hotuba za wageni rasmi hazitangulii. Anayetaka kueleza kabla watu hawajatazama namwomba akae, hata kama ni mheshimiwa.