Pajeon yako inalegea? Mchawi ni maji

Kila baada ya siku kadhaa kuna mtu ananitumia picha ya pajeon yake (chapati ya Kikorea ya kitunguu majani), iko nene, nyeupe nyeupe, imelala kwenye sahani kama shuka lililoloa, afu anauliza kakosea wapi wakati vipimo kafuata vyote. Mi nishajua kabla sijajibu: kaipika kama chapati za maji. Na simlaumu, maana ukiziangalia ni ndugu kabisa, unga, maji, kitunguu, unamimina unageuza. Ila chapati ya maji tunaitaka ikunjike, hii ya Wakorea pembeni inatakiwa ivunjike ukiishika na vijiti.

Majina kidogo ili tuelewane. Jeon ni jina la ukoo mzima, vitu vinavyokaangwa bapa kwenye frampeni. Pa ni kitunguu majani, ndo pajeon. Ukitia kimchi (kabichi iliyochachushwa na pilipili) ni kimchijeon, ukitia ngisi na kamba inaitwa haemul pajeon. Na si zote ni krispi eti, ile ya Dongnae kule Busan inatiwa unga wa mchele na yai na inaliwa laini, kwa hiyo ukikutana nayo usimgombeze mpishi.

Sasa twende kwenye rojo. Ngano ikikutana na maji ukakorogakoroga inatengeneza gluteni, ile inayofanya chapati ivutike. Hapa hatuitaki. Ndo maana mi natia gramu 100 za ngano na gramu 50 za konifulawa (unga wa wanga wa viazi ni mzuri zaidi ukiupata), chumvi kidogo, na maji mililita 180 yenye barafu, si ya bombani, ya barafu kweli, kwa sababu baridi inachelewesha gluteni. Koroga mara kumi hivi uache, vibonge vidogo vikibaki viache vibaki. Rojo iwe nyepesi kuliko unavyodhani, ishuke kwenye kijiko kama maziwa mazito. Kazi yake ni kushikanisha vitunguu tu, mlo wenyewe ni vitunguu. Ukiona unga mwingi kuliko majani umeshapika kitu kingine.

Vitunguu vioshe mapema vikauke kabisa, ngisi mfute na kitambaa, na ukishachanganya pika hapohapo, maana chumvi itaanza kuvuta maji kwenye majani na rojo itakuwa supu. Kimchi yenyewe ina maji yake, kwa hiyo punguza maji ya rojo.

Halafu mafuta, hapa ndo wengi mnaponikimbia. Wiki yangu ya kwanza kwenye jiko la Wakorea nilitia vijiko viwili vya chai, nikajiona najali afya. Imo aliyekuwa ananifundisha (imo ni mama mdogo, ndo tulivyokuwa tunawaita wamama wa jikoni) hakusema neno, kachukua chupa kamimina mpaka frampeni yote ikawa inang'aa na kikadimbwi kinatembea ukiinamisha. Nikadhani kakosea. Kumbe maji hayavuki nyuzi 100 mpaka yageuke mvuke, na sehemu ikiwa bado ina maji haiwezi kuwa kahawia hata uisubiri mpaka magharibi. Mafuta yako kwenye 170 au 180 huko, yanaingia kila kijishimo chini ya rojo na kuyafukuza maji. Pasipo na mafuta, rojo inakalia mvuke wake yenyewe, inajichemsha.

Kwa hiyo moto wa kati kwenda juu, tone la rojo likilia chwaaa ukiliangusha, mimina, tandaza nyembamba, matundu yakitokea usiyazibe, pembeni mwa tundu ndo panapokaukaga vizuri. Usifunike! Tikisa frampeni mpaka yote izunguke kipande kimoja, pembeni ziwe kahawia, ndo ugeuze. Ongeza mafuta kwa kuzungushia ukingoni, kandamiza na mwiko bapa uusikie unalia, geuza tena kama haijakolea. Ikitoka iweke kwenye wavu, ukiiweka kwenye sahani ikiwa ya moto mvuke unarudi chini yake na kazi yote imeharibika ndani ya dakika mbili.

Anayetaka ushahidi kwamba ngano si lazima aende soko la Gwangjang, Seoul, pale wanasaga choroko zilizolowekwa kwa mawe ya kusagia mbele yako, wanachanganya na machipukizi ya choroko, wanazikaanga kwenye mafuta mengi kweli. Bindaetteok hiyo. Choroko hazina gluteni, na ndo krispi kuliko zote nilizowahi kula. Choroko si tunazo? Tafuta zilizomenywa kwenye maduka ya Wahindi, loweka masaa manne matano, saga ziwe na chengachenga, usizilainishe kama uji wa mtoto.

Sosi ya kuchovya ni sosi ya soya vijiko viwili, siki kimoja, pilipili ya kusaga, matone ya mafuta ya ufuta. Wakorea mvua ikinyesha wanaila na makgeolli, pombe ya mchele nyeupe ya mawingu, mi nakunywaga chai ya tangawizi na sijafukuzwa bado.

Ikibaki ya kesho, frampeni kavu bila mafuta, moto mdogo, dakika tatu kila upande. Maikrowevu isiiguse kabisa.