Hiyo mofini mnaisevu ya nini?

Juzi nilikuwa msibani, nimekaa mkekani na wamama wenzangu, nikasikia nyuma yangu mtu anasema kwa ile sauti ya chini inayotaka isikike, "Walivyomwanzishia tu ile mofini, nikajua basi tena." Shangazi wa marehemu. Nikameza mate, msibani sio mahali pa kubishana, ila usiku sikulala vizuri manake hiyo sentensi nimeisikia mara ngapi jamani, na marehemu mwenyewe alikuwa mgonjwa wangu, mi ni nesi, namfuata nyumbani kwake. Kansa ya shingo ya kizazi, imeshasambaa. Mofini, hiyo dawa kali ya maumivu, ametumia miezi minne. Sumu gani inamkaa mtu miezi minne huku anakula, anasuka ukili na anagombana na wajukuu?

Yale mengine watu wanayoisingizia mofini niyapitie mbio. Teja hawi. Teja anatafuta stimu, mgonjwa wangu anatafuta usingizi. Mwili unaizoea, ndio, ndo maana hatukatishi ghafla, tunashusha kidogo kidogo, ila kuzoea ni kitu kingine na uteja ni kitu kingine. Kichefuchefu kinakuja siku za kwanza alafu kinaondoka. Kusinzia siku mbili tatu za mwanzo mara nyingi ni deni la usingizi, mtu hajalala wiki nzima kwa maumivu mnataka akipata nafuu afanye nini, acheze? Choo sasa, hicho hakizoei, kitakuwa kigumu mpaka mwisho, kwahiyo mi mofini bila dawa ya kulainisha choo siitoi, na bisakodili ikikosekana kuna mbegu za papai zilizokaushwa. Usicheke, zinafanya kazi.

Haya, turudi kwenye hili la kusevu.

Huyu mama siku ya kwanza nilimwachia chupa ya mili 200, ile nyepesi, mili 5 ina miligramu 5. Ratiba rahisi kabisa, dozi moja mili 5: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, alafu saa 4 usiku anapewa dozi mbili kwa pamoja ili saa 8 za usiku msimwamshe. Piga hesabu, ni mili 30 kwa siku. Nimerudi baada ya siku sita nategemea kukuta mili 20 hivi chini ya chupa. Mama nimemkuta amejikunja ukutani, ameuma pindo la kanga, shikamoo yangu ameiitikia kwa macho. Nauliza dawa iko wapi, binti yake anafungua kabati, anatoa vikombe vya wageni, anatoa na birika, chupa iko huko nyuma kabisa imejaa mpaka shingoni. "Sista, tulikuwa tunaisevu. Tulisema yakizidi kabisa ndo tumpe."

Yazidi mpaka wapi?

Sikumgombeza. Sawa, nilimgombeza kidogo. Ila kosa sio lake peke yake, manake hata wodini nimeona manesi wenzangu wanafanya hivohivo, mgonjwa analia ndo wanakumbuka dawa, na mi mwenyewe miaka yangu ya kwanza nilikuwa hivo, naandikiwa mili 5 natoa 3 kwa woga alafu kwenye chati najaza 5. Shida ni kwamba tumezoea Panado, kichwa kikiuma unameza, kisipouma unaacha. Mofini ya maji inafanya kazi kama masaa manne tu ikaisha, na maumivu ya kansa hayaendi likizo, ukisubiri yarudi ndo umpe unaanza upya kila siku, tena mwisho wake unahitaji dozi kubwa kuliko ambayo ingetosha kama ungefuata saa. Yani anayeisevu ndo anaitumia vibaya! Na yale maumivu yanayochomoka katikati kabla saa haijafika nayo yana dozi yake, anapewa ya ziada sawa na ile ya kawaida, mnaandika kwenye daftari, nikija naona ni mara ngapi na tunapandisha.

Nimeelezea hivo kama nusu saa, binti ananiangalia tu. Aliyeelewa ni mzee wake, mvuvi, alikuwa mlangoni muda wote kimya. Akasema, "Kumbe ni kufua maji tu. Hungoji ngalawa ijae." Basi, nikafunga mdomo. Kusoma namba kwenye bomba la sindano la kupimia dawa ya kunywa macho yalikuwa hayamruhusu, nikachora mstari kwa rangi ya kucha ya mjukuu, nyekundu, vuta mpaka hapa. Mjukuu akaseti alamu kwenye simu. Siku ya tatu mama alikuwa amekaa barazani anamkosoa binti kwamba wali una mawe.

Sasa kwanini watu wanaamini mofini inaua? Kwasababu tunawapa imechelewa. Ukimpa mtu dawa wiki ya mwisho ya maisha yake, lazima dawa na kifo vionekane vimekuja na gari moja. Wenzetu Uganda, tangu ile hospisi, huduma ya wagonjwa wasiopona, ilipoanza Kampala 1993 na kuchanganya mofini ya unga na maji, walishaona mgonjwa hafikiwi kama kila kitu ni daktari, ndo maana tangu 2004 nesi aliyesomea huduma hii anaruhusiwa kuandika mofini mwenyewe. Mi bado nazunguka na karatasi natafuta saini, Ijumaa mchana, daktari ameshaondoka, mgonjwa asubiri Jumatatu. Alafu useme dawa ndo inaua.

Ila nisijifanye najua kila kitu. Hii kansa ya shingo ya kizazi ina tabia ya kubana mirija ya mkojo, figo zikifa mofini haitoki vizuri mwilini inajikusanya, mtu anakuwa mzito, anashtukashtuka mikono. Hapo ndugu akisema "dawa imemzidi" anaweza akawa sahihi kabisa, tunashusha dozi au tunaweka masaa marefu. Shida ni kwamba niko nyumbani kwa mtu, sina kipimo cha figo, nina macho na daftari, na kuna siku nashindwa kujua ninachokiona ni dawa au ni safari yenyewe imeanza. Na dozi ya mwisho lazima kuna mtu ataitoa. Nimewahi kumpa mzee mmoja dozi ileile aliyotumia wiki tatu, nikaenda kuosha bomba, narudi ameondoka. Najua sio dawa. Kwenye daladala nilipiga ile hesabu ya mili mara nne.

Pale msibani nilitaka pia kumuuliza binti habari ya chupa, nikaona aibu. Imebaki kama mili 60, na inatakiwa irudi hospitali, sio ikae ndani na watoto wala asipewe jirani anayeumwa mgongo. Alhamisi napita kuichukua, na najua iko wapi, nyuma ya vikombe vya wageni.