Kanga ya bibi na fundo la pembeni

Nafundisha ushonaji na elimu ya vitambaa. Kila nikipata darasa jipya, siku ya kwanza naingia na upande mmoja wa kanga ya marehemu bibi yangu. Umepauka, na ukiuinua dirishani mwanga unapenya. Wanafunzi hudhani nimewaletea tambara la kufutia meza.

Kanga ikitoka dukani ina dondo, yaani wanga wa kukazia kitambaa. Ni ngumu, haikai mwilini, hata maji haiyanywi vizuri. Bibi aliifua mara tatu, mara nne, ndipo akaanza kuitumia. Dondo likishatoka hubaki pamba tupu, na pamba ina sifa moja ninayoipenda sana: nyuzi zake zikilowa huzidi nguvu. Kwa hiyo kitambaa kilekile kilikuwa mbeleko ya mama yangu, kikafuliwa kwa mkono, kikakamuliwa, kikaanikwa, miaka nenda miaka rudi, na hakikuraruka.

Jikoni alikunja pembe mara nne, akaipua nayo sufuria. Pamba huungua, lakini haiyeyuki. Poliesta huyeyuka, ikagandia kwenye ngozi. Siku hizi kuna kanga za poliesta au za mchanganyiko. Rangi zake zinang'aa, ila jikoni simshauri mtu azitumie, wala kumbebea mtoto wakati wa joto, maana hazinywi jasho vizuri. Ukitaka kujua uliyonayo ni ipi, chomoa uzi mmoja uuchome mbali na nguo. Pamba itanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta itajikunja na kuacha kidonge kigumu.

Matumizi mengine mnayajua: kata ya kubebea ndoo, shuka la usingizi wa mchana, kifuniko cha sinia. Ilipozeeka ikawa winda za wajukuu.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni fundo. Ukimwomba hela, bibi aliketi kwanza. Akaivuta ncha ya kanga kutoka kiunoni, akalilegeza fundo kwa meno, taratibu, na ndani yake mkatoka sarafu zenye joto la mwili wake. Alihesabu, akakupa, akafunga tena. Sikuwahi kuona fundo lile likifunguka lenyewe: pamba iliyolainika hushikana, haitelezi.

Jina la kanga hii halisomeki lote. Ukijifunga kanga kiunoni, jina huangukia nyuma, na la kanga hii limelika. Kwenye upande wangu yamebaki AKUFAAYE KWA DHI, kisha weupe mtupu hadi kwenye pindo.

Ncha moja bado imejikunyata. Niliwahi kuipiga pasi mara moja, ikakataa kunyooka, nikaiacha hivyo hivyo.