Nani hulipia kiti kitupu?

Wiki iliyopita shangazi yangu wa Kuze alinipigia simu, roho juu. Mwanawe anasoma Marekani na alikuwa akitoka Denver kwenda mji mdogo. Tiketi ni ya shirika la ndege la United, mkia wa ndege una rangi za United, sare za wahudumu ni hizo hizo. Lakini chini ya nambari ya safari pameandikwa kwamba ndege inaendeshwa na shirika jingine, SkyWest.

"Mwanangu, wewe ndiye mtu wa ndege. Huyu hakuuziwa tiketi ya bandia?"

La, shangazi. Tiketi ni halali. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha kupanga safari za ndege hapa Mombasa, na swali hilo naulizwa hata na watu wanaofanya kazi uwanjani. Nilimweleza kwa mfano wa matatu.

Dereva wa matatu ya Mtwapa ana hesabu ya tajiri. Jioni hesabu itimie, gari liwe lilijaa au halikujaa, na kinachobaki ndicho chake. Kwa hiyo kiti kitupu kinamuuma dereva, ndiyo sababu haondoki stendi mpaka abiria wa mwisho abanwe mlangoni. SkyWest, katika mikataba yake mingi, ni dereva asiye na hesabu. United ndiyo inayopanga nauli, inayouza tiketi, inayoamua ndege itoke saa ngapi kwenda wapi, na inayobeba gharama ya mafuta. SkyWest inaleta marubani, wahudumu, mafundi na cheti cha kuendesha ndege. Inalipwa kwa kila safari iliyoondoka, kwa kila ndege kwa mwezi, na kwa kila saa, ambayo huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kutoka maegeshoni hadi inaposimama kule iendako. Ikichelewa sana au ikifuta safari ovyo inakatwa, ikitimiza ratiba inaongezwa. Abiria wawe sabini au saba, malipo ni yale yale. Kiti kitupu ni cha United.

Iko namna nyingine ya mkataba, ya kugawana nauli, ambapo mkandarasi anabeba hasara ya viti vyake mwenyewe. Hiyo ni hesabu ya tajiri kabisa, na hutumika zaidi kwenye miji ambayo shirika kubwa haliko tayari kuihatarishia fedha zake.

Anayetaka kujua kiti kitupu kina uzito gani aitazame Atlantic Coast Airlines. Ilikuwa mkandarasi wa United pale uwanja wa Dulles, Washington, ikiendesha ndege nyingi za CRJ200 za viti 50. Mwaka 2004 iliachana na United, ikajipa jina jipya la Independence Air, ikaanza kuuza tiketi zake yenyewe kwa nauli ya chini kwa ndege zile zile na marubani wale wale. Walijua kurusha ndege, wala sidhani kuna aliyewazidi kwa hilo. Ila sasa kila kiti kilichokwenda bure kilikuwa chao, mafuta yakapanda bei, na ndege ya viti 50 ina watu wachache mno wa kuigawana gharama hiyo. Novemba 2005 wakaomba kinga ya mufilisi, na tarehe 5 Januari 2006 wakafunga.

Sasa, ikiwa mkandarasi habebi mafuta wala kiti kitupu, anashindania tenda kwa kitu gani? Kwa mishahara, hasa. Ndiyo maana marubani wa mashirika makubwa ya Marekani waliweka kizuizi kwenye mikataba yao ya kazi: ndege ya mkandarasi isizidi viti 76, wala uzito wa kupaa usizidi kilo 39,000 hivi. Watu wengi hudhani mpaka huo umetokana na ufundi wa ndege, kumbe ni makubaliano ya chama cha marubani na mwajiri. Embraer 190 za Kenya Airways, zenye viti 96, kule mkandarasi asingeruhusiwa kuzigusa. Kuna hata ndege inayoitwa CRJ550: ni CRJ700 iliyong'olewa viti ikabakiwa na 50 ili itimize masharti ya mkataba, ambao pia huwekea kikomo idadi ya ndege za zaidi ya viti 50, na nafasi iliyobaki ikatiwa makabati ya mizigo. United ilianza kuitumia mwaka 2019. Mimi hucheka kila nikiiona, lakini abiria wanaipenda kwa kuwa miguu inapata pa kukaa.

Kubana mishahara kulikuja kuonekana vibaya. Tarehe 12 Februari 2009 ndege aina ya Dash 8-400 ya Colgan Air, ikiruka kwa jina la shirika la Continental kutoka Newark, ilianguka karibu na Buffalo ikaua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Ndege ilipopoteza kasi rubani aliuvuta usukani badala ya kuushusha. Uchunguzi ukaonyesha pia kwamba rubani msaidizi alisafiri usiku kucha kutoka upande wa Seattle ili afike kazini, na mshahara wake ulikuwa mdogo hata wabunge wa Marekani wakaushangaa. Sheria ya mwaka 2010 ndiyo iliyoleta sharti la rubani msaidizi kuwa na saa 1,500 za kuruka, isipokuwa kwa wachache, mahali ambapo zamani saa 250 zilitosha. Sheria hiyo hiyo ililazimisha wauza tiketi kuonyesha tangu mwanzo ni nani hasa anayeendesha ndege. Mstari uliomtia shangazi hofu ni wa namna hiyo.

Hapa kwetu watu wa uwanjani hupenda kusema, chai ikinoga, kwamba Kenya Airways ingewapa wakandarasi safari fupi. Hadi sasa imepita njia nyingine. Embraer zake inaziendesha kwa marubani wake, na mwaka 2014 ikaizaa Jambojet, yenye Dash 8-400 za viti 78, jina lake na tiketi zake. Huyo ni binti mwenye hesabu yake. Kiti chake kikienda bure, ni chake.

Mkataba wa aina ya Marekani ukiletwa mezani kwangu, bei ya saa nitaiangalia mwisho. Kwanza nitatafuta ukurasa wa kiwango cha chini cha saa za kulipwa kwa mwezi, na nitausoma nikiwa na mwezi wa Mei akilini. Mei ni masika, hoteli za Nyali na Diani zinapaka rangi kuta, na ndege ya mchana kutoka Nairobi unaweza kulala viti viwili. Saa zikiwa zimehakikishwa miezi yote 12, shirika kubwa ndilo litakalolipia Mei. Zikiandikwa "kadiri ya mahitaji", mkandarasi hatakaa kuihesabu mvua. Atapeleka ndege Juba au Mogadishu kwenye kazi ya kukodi, na sisi tutamwona tena Agosti. Chama cha marubani, KALPA, nacho kitakuwa kimeshabisha hodi kabla wino haujakauka, na kwa hili sitakilaumu.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja: huyo dereva asiye na hesabu, hupewa muda wa kulala?

Nikamwambia kule sheria inataka mapumziko ya saa kumi kabla ya zamu, na ndani yake apate nafasi ya kulala saa nane bila kusumbuliwa.

"Wa Mtwapa hapati hizo," akasema, akakata simu.