Namna ya Kusoma Faili la Kumbukumbu la rsync

Ofisi nyingi zinazotunza nyaraka kwenye seva za Linux hutumia rsync, programu iliyotangazwa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, kunakili mafaili kila usiku kutoka seva kuu kwenda seva ya akiba. Inafaa sana kwenye mtandao wa kasi ndogo, kwa kuwa faili kubwa linapobadilika kidogo, hupeleka zile sehemu zilizobadilika tu. Hata hivyo, ikiwekwa kwenye ratiba ya cron (programu inayoendesha kazi zenyewe kwa saa zilizopangwa) bila maelekezo ya ziada, hufanya kazi yake kimya, na msimamizi hana namna ya kujua iwapo kazi ilikamilika, iliishia njiani au haikuanza kabisa. Kwa sababu hiyo tunasisitiza kwamba agizo lolote la kunakili liambatane na faili la kumbukumbu (log), linaloandika kilichofanyika, tangu siku ya kwanza:

rsync -a --delete --max-delete=50 --log-file=/var/log/akiba.log /srv/nyaraka/ seva2:/akiba/nyaraka/

Hapa -a hunakili folda nzima pamoja na ruhusa na muda wa mafaili, --delete hufuta kwenye akiba yale yasiyopo tena kwenye chanzo, na --max-delete huweka kikomo cha ufutaji huo. Kila safari mpya, yaani kila rsync inapoendeshwa, huongeza mistari yake chini ya ile ya zamani, na kila mstari huanza kwa tarehe, saa na namba ya mchakato (ile ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa):

2025/03/11 02:15:07 [4312] <f.st...... malipo/machi.ods

Alama 11 zinazotangulia jina la faili ndizo zinazowatisha wengi, ilhali ndizo zenye habari yote. Alama ya kwanza ni mwelekeo: < maana yake faili limepelekwa kwenye kompyuta nyingine, na > maana yake limepokelewa. Ya pili ni aina, yaani f kwa faili, d kwa folda. Zinazofuata zinaeleza kilichobadilika: s ni ukubwa, t ni muda wa kuhaririwa, p ni ruhusa, o ni mmiliki na g ni kundi, na nukta inaonyesha kwamba jambo hilo halikubadilika. Faili jipya huandikwa <f+++++++++, na lililofutwa upande wa akiba huandikwa *deleting. Mafaili ambayo hayakubadilika hayaandikwi kabisa, hivyo orodha fupi si dalili ya hitilafu.

Msomaji akizizoea alama hizi, ataona mambo ambayo hakuna anayemwambia. Ikiwa mafaili yaleyale yanarudi kila usiku yakiwa na t peke yake, na nakala inawekwa kwenye diski ya mfumo wa FAT (namna ya zamani ya kupanga mafaili kwenye diski), chanzo ni kwamba mfumo huo hutunza muda kwa hatua za sekunde 2; kuongeza --modify-window=1, inayopuuza tofauti ya sekunde 1, kunaondoa kazi hiyo ya bure. Ikiwa karibu kila faili limepata s na t usiku mmoja, bila mtumishi yeyote kueleza sababu, simamisha unakili mara moja na uichunguze seva kuu, kwani virusi vinavyofunga mafaili ili kudai fidia huacha alama za namna hiyo. Mistari mingi ya *deleting nayo mara nyingi inatokana na diski ya chanzo kutounganishwa, hivyo rsync ikaona folda tupu na kufuta nakala ili ifanane nayo. Hatari hii ni kubwa kiasi kwamba mimi siandiki --delete bila kuweka pia kikomo kama --max-delete=50. Kikomo kikifikiwa, ufutaji unaachwa na programu inafungwa kwa namba ya hitilafu 25.

Mwisho wa kila safari usomwe kabla ya yote. Safari iliyofaulu hufungwa na mstari unaotaja baiti zilizopelekwa, zilizopokelewa na ukubwa wa jumla, na iliyoharibika hufungwa na maneno "rsync error" pamoja na namba. Namba 23 inamaanisha kwamba baadhi ya mafaili hayakunakiliwa, mara nyingi kwa kukosa ruhusa, na mistari ya juu yake itayataja. Namba 24 ni onyo kwamba mafaili fulani yalitoweka wakati kazi ikiendelea, jambo la kawaida pale watumishi wanapokuwa bado kazini. Namba 30 ni mtandao uliokawia kupita muda uliowekwa. Usipoona mstari wowote wa kufunga, inaelekea mchakato ulikatwa ghafla, kama umeme unapokatika, na safari hiyo haipaswi kuhesabiwa kuwa nakala kamili.

Ukikuta "IO error encountered -- skipping file deletion", ujue rsync ilishindwa kusoma sehemu ya chanzo na kwa tahadhari ikaacha kufuta. Kagua diski kwanza, wala usiilazimishe kufuta kwa --ignore-errors.

Faili la kumbukumbu lenyewe pia litunzwe. Likabidhiwe kwa logrotate, programu inayofungasha na kufuta kumbukumbu za zamani, lisije likajaza diski, na lisomwe na wasimamizi peke yao, kwa kuwa majina ya mafaili, hasa hospitalini na shuleni, mara nyingi hubeba majina ya watu.