Kabla ya penseli, unga

Kila Januari shule zikifunguliwa hulijua swali litakalonisubiri mlangoni: "Mwalimu, huyu ana miaka minne sasa, mbona haandiki?" Mwaka huu mama mmoja alikuja na daftari kabisa. Kurasa zimejaa herufi "a" za nukta nukta ili mtoto apitishe penseli juu yake, na ukurasa wa tatu umetoboka. Mtoto mwenyewe aliishika penseli kwa ngumi, kama anayeshika mchi wa kinu.

Nimefundisha chekechea hapa Tanga miaka mingi, na jibu langu huwa lile lile: mkono wake haujaiva. Simaanishi kwa mfano tu. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa hakuna hata mmoja uliokwisha kuwa mfupa. Yote ni gegedu laini, nayo hukomaa mmoja mmoja kadiri miaka inavyokwenda. Wa mwisho hungoja hadi mtoto afikishe miaka 9 hivi, wengine zaidi. Misuli ya vidole nayo hupata nguvu kwa kazi, na kazi hizo ziko nyumbani kwako, nyingi jikoni.

Mimi huanza na unga. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vya mafuta ya kula, kisha maji ya uvuguvugu kidogo kidogo. Robo tatu ya kikombe mara nyingi hutosha. Kanda mpaka uache kunata mikononi, kama wa chapati lakini mgumu kidogo. Chumvi ndiyo inayouzuia usichache upesi, ila huku pwani ina kasoro yake: huvuta unyevu, na asubuhi utaukuta donge limetoka jasho. Nyunyizia unga mkavu, kanda tena, lifunge ndani ya mfuko wa nailoni. Akionja kidogo atatema mwenyewe kwa ukali wa chumvi, lakini usimwachie alile, maana chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Na kama kwenu kuchezea unga ni kufuru (bibi yangu angenigombeza, najua), udongo wa kichuguu uliolowekwa na kuchekechwa unafaa vilevile.

Sasa usikae kumwelekeza atengeneze tembo. Mwache afinye, aviringishe nyoka, akate kwa kisu cha plastiki. Mimi huongeza jambo moja tu: anyofoe vipande vidogo kwa kidole gumba na cha shahada, avipange kwenye sahani kama anauza kashata. Vidole hivyo viwili, cha kati kikivisaidia, ndivyo vitakavyoshika penseli.

Rangi usinunue. Bizari ya manjano kijiko kimoja inatosha, ingawa nguo nyeupe ikiguswa umeipoteza. Halafu fanya mchezo huu, ukiwa umekaa naye: koroga bizari kwenye maji ndani ya kikombe, tia magadi kiasi cha ncha ya kijiko, yale yale ya kupikia maharage. Maji ya njano yatageuka mekundu mbele ya macho yake. Kamulia limau, povu litapanda kidogo na unjano utarudi. Magadi ni chumvichumvi kali na limau ni tindikali, na bizari hubadili rangi kulingana na ipi imezidi. Mtoto wa miaka mitano hahitaji maelezo hayo. Atataka kurudia mara kumi, na kila mara atabashiri kabla ya kukamua. Kubashiri huko ndiko ninakokutafuta. Akimaliza anawe mikono kwa maji mengi, kwa kuwa magadi huwasha.

Kazi ya pili ninayoipenda ni mkeka wa karatasi. Chukua jani la kalenda ya mwaka jana, likunje katikati, ukate mistari kuanzia kwenye mkunjo na kuishia upana wa vidole viwili kabla ya ukingo. Ukilikunjua unapata karatasi yenye mipasuo. Kata vipande vya rangi nyingine, mtoto avipitishe: juu, chini, juu, chini. Mstari wa kwanza karibu wote hupatia. Wa pili ndio mtihani, kwa sababu lazima uanze na chini, na wengi huanza na juu tena, kisha hushangaa mbona vipande vinateleza vinafuatana. Usimsahihishe haraka. Akikaa na kosa lake dakika mbili, mara nyingi hulifumbua. Kama una jirani anayesuka ukili, mpeleke mtoto akae pembeni yake jioni moja. Ataona mama yule anahesabu miyaa, yale majani ya kusukia, bila kutamka namba hata moja, na mauwa yanatokea mahali pake. Hiyo ni hesabu kamili, ila hatujazoea kuiita hivyo.

Mengine nayataja kwa ufupi tu. Kumenya mbaazi mbichi. Kuanika soksi na leso kwa vibanio vya nguo, kwa kuwa kukifungua kibanio kunataka nguvu ya vidole. Kupukuchua mahindi makavu, japo ya kwanza umwanzishie wewe. Mdako ungoje mpaka miaka sita au saba. Kurusha jiwe, kutoa mengine shimoni na kulidaka lile la kwanza kabla halijaanguka si kazi ya mtoto wa miaka minne, atalia bure.

Kwa hesabu, trei ya mayai haina mpinzani. Ina vishimo 30. Kata kipande cha vishimo 10, vitano juu na vitano chini, umpe vizibo vya soda. Kizibo kimoja, kishimo kimoja. Watoto wengi wanaimba moja hadi ishirini vizuri sana, lakini ukiwawekea vizibo saba hutaja namba mbili kwa kizibo kimoja. Vishimo huwatia adabu.

Aliye chini ya miaka mitatu asipewe vizibo, punje wala maharage. Kipimo changu ni kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki katikati ya karatasi ya chooni: kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba. Na ukiokota mbegu za kutunga shanga, ziepuke mbili kabisa kwa umri wowote: mbarika, na zile nyekundu zenye doa jeusi tunazoziita macho ya tipitipi. Zinavutia kuliko zote, na zote mbili zina sumu ya kuua.

Yule mama nilimwomba aliweke daftari juu ya kabati mpaka Juni. Alikubali shingo upande. Tulipokuwa bado tunazungumza mwanawe alishafika getini, na donge la unga wa darasa langu limemtuna mfukoni.