Tandaza nyasi kabla mvua haijaaga

Katikati ya Januari simu yangu haipumziki. "Mwalimu, nilitandaza nyasi kama ulivyotuambia, mbona spinachi inanyauka?" Nikiuliza zilitandazwa lini, jibu ni lilelile, liwe limetoka Njoro, Bahati au Rongai, huku kwetu Nakuru: juzi, baada ya kuona udongo umekuwa vumbi.

Matandazo hayaleti maji. Yanatunza yale yaliyoyakuta ardhini. Ukifunika tuta kavu, umefunika ukavu, na hata manyunyu machache yatakayopita mwezi huo yatanyonywa na nyasi kabla hayajafika kwenye mizizi. Kwa hiyo kazi hii ni ya mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba, wakati ukichomeka kidole tutani mpaka kiungo cha pili unakitoa kikiwa na udongo ulioshikamana.

Wengi hutazama video za bustani kutoka Uingereza, ambako watu hutandaza majani makavu miezi ya Oktoba na Novemba kujiandaa kwa baridi. Wao wanaihami mizizi dhidi ya ardhi inayoganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka, hadi mche unasukumwa nje ya udongo. Sisi tunapambana na jua la Januari na Februari, na upepo. Sehemu kubwa ya Nakuru imekalia majivu ya volkano: udongo mwepesi, unaolimika kwa raha, lakini ukiachwa uchi unapeperuka. Aliyewahi kuanika nguo mjini mwezi wa Februari anaujua.

Utatumia nini? Hapa ndipo penye mvutano wa kweli, kwa sababu mabua ya mahindi na majani ya ngano yana mwenyewe tayari: ng'ombe. Sitakuambia umnyime. Mpe kwanza, kisha uchukue anachobakiza horini, yale mabua manene aliyoyatema na kuyakanyaga yakalowa mkojo. Kwangu hayo ndiyo matandazo bora kuliko yote. Majani makavu ya ngano yana takriban sehemu 80 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni, kile chakula cha mmea kinachoyapa majani ukijani, na vijidudu vinavyoyaozesha hutafuta naitrojeni iliyopungua kutoka kwenye udongo. Yakikaa juu tu, madhara ni madogo. Ukiyachanganya na udongo kwa jembe, sukumawiki itageuka njano. Mkojo wa ng'ombe unaziba sehemu ya pengo hilo, na usipokuwa na ng'ombe, tandika kwanza samadi iliyooza, unene wa vidole viwili, ndipo uweke nyasi juu yake. Ndugu zetu wa Vihiga na Kakamega wana bahati ya yale maua ya njano ya tithonia yanayoota kando ya barabara. Majani yake yana naitrojeni nyingi, ingawa huoza upesi na hayatafika Machi yakiwa peke yake.

Majani mabichi ya mkaratusi yaache. Nyasi zenye mbegu pia, na sangari, lile gugu la nyasi linalotambaa, usiiguse hata ikiwa imekauka, maana kipande kimoja cha mzizi kinatosha kukuharibia mwaka mzima.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Mwaka mmoja nilinunua marobota ya majani ya ngano, nikayatandaza kwenye nyanya. Baada ya wiki tatu vichomozo vilijikunja kama ngumi. Dawa za kuua magugu yenye majani mapana zilizopuliziwa shambani zilikuwa zimebaki kwenye majani yale, na ziko aina zinazokaa humo miezi mingi. Tangu hapo sinunui bila kupima. Katakata kiasi kidogo, changanya na udongo kwenye kopo, panda maharagwe matano, na kopo jingine lisiwe na majani hayo. Majani ya maharagwe yakijikunja kwenye kopo la kwanza pekee, mrudishie muuzaji mali yake.

Kutandaza kwenyewe ni kwepesi. Ng'oa magugu, mwagilia kama mvua imekuhepa, weka nyasi unene wa sentimita 7 hadi 10, na uache nafasi ya kiganja kuzunguka shina, lisije likaoza. Miche michanga ipe nusu ya unene huo. Ukianza kumwagilia, sogeza nyasi kidogo na umimine karibu na shina. Ukinyunyizia juu, unaogesha nyasi. Kama una mabomba ya matone, yalaze chini ya matandazo.

Wa Molo na Mau Narok, nanyi sikilizeni. Usiku wa Januari usio na mawingu huleta jalidi, ile barafu nyembamba inayounguza majani ya viazi alfajiri. Udongo ulio wazi na wenye unyevu hunyonya joto la mchana na kulitoa usiku, likapasha majani yaliyo juu yake. Matandazo hulizuia joto hilo chini. Kwa viazi vilivyoko bondeni, mahali ambapo baridi hutuama, sogezeni nyasi katikati ya mistari na mmwagilie mchana, wakati jua bado lipo.

Machi, mawingu yakirudi, usiyachome yaliyobaki. Yavute kando, panda mbegu, subiri miche ifike kimo cha kiganja ndipo uyarudishe, maana konokono hupenda kujificha humo mvua zinapoanza.